Kuku na Daraja Lisilo na Kosa

Mtaani walimwita Bwana Rekebisha. Mwenyewe alijua, na alidhani wanamheshimu. Alikuwa mhandisi mstaafu, mtu wa madaraja, na maisha yake yote ya kazi aliyamaliza ofisini kwenye meza pana iliyokuwa karibu na dirisha, akikagua michoro ya wenzake kwa kalamu nyekundu. Mchoro ulioingia kwake ukiwa msafi ulitoka na madoa kama mtoto mwenye surua. Hata siku alipoagwa, alipokabidhiwa kadi ya pongezi yenye sahihi za ofisi nzima, aliifungua, akachomoa kalamu mfukoni, akatia koma mahali ilipokosekana, ndipo akasema ahsante.

Alipostaafu, kalamu ilihamia nyumbani. Pazia la sebuleni lilikuwa limepinda. Mpini wa sufuria ulielekea upande wa hatari. Kiti cha wageni kilikuwa na mguu mmoja mfupi kuliko mingine, na kila mgeni alielezwa habari za mguu huo kabla hajakaribishwa kukaa. Mkewe, mama mwenye maneno machache yaliyonolewa vizuri, alikwisha kuzoea. "Mimi nimeolewa na rula," aliwaambia majirani. "Inalala kitandani imenyooka, na ikiamka inanipima."

Kitu kimoja tu Bwana Rekebisha hakukigusa kwa kalamu wala kwa mdomo. Kule bondeni, kati ya mtaa wao na shule, kulikuwa na daraja. Lilikuwa zuri kwa kweli: zege laini, nguzo nene, kingo zilizopakwa rangi. Kasoro yake ni kwamba halikuwa na pa kupandia. Lilianzia hewani likaishia hewani, juu kuliko kichwa cha mtu. Daraja lilikuwa kazi ya idara ya madaraja, na barabara za kuingilia zilikuwa kazi ya idara nyingine, ghorofa ya juu yake. Idara ya barabara ilikuwa inangoja itangaziwe kwamba daraja limekamilika ndipo ianze kupima. Idara ya madaraja nayo haikuweza kutangaza kuwa limekamilika wakati halijaungwa na barabara. Waliandikiana kwa heshima nyingi mpaka wengine wakastaafu na wengine wakafa, na wakazi wakachoka kungoja, wakaegemeza ngazi ya mbao huku na nyingine kule. Watu walipanda kama wanaokwenda darini, wakavuka juu kwa raha zao, wakashuka kinyumenyume.

Mchoro wa daraja hilo ulipita kwa Bwana Rekebisha. Ulikuwa mchoro pekee aliowahi kuupitisha bila doa hata moja. Ukimuuliza habari zake alikuwa na jibu lililokaa tayari mdomoni: "Barabara ziko kwenye mchoro mwingine. Ni za idara nyingine." Kisha angekuuliza kwa nini kola yako imekaa upande. Naye kwenda kule ng'ambo alizunguka kwa njia ndefu ya sokoni, jua liwake au mvua inyeshe.

Basi mzee huyu alikuwa na mjukuu, mtoto wa binti yake aliyekuwa akifanya kazi mji mwingine. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo ulikuwa haumkauki. Kwa Chiriku, rula yote ililegea. Mtoto alilala na kofia ya babu, alichorachora nyuma ya karatasi za babu, na akiuliza swali, babu aliacha kula ili ajibu. Mkewe alikuwa akisema kwamba kama angejua dawa ni mjukuu, angeomba azaliwe mjukuu kwanza, watoto wafuate.

Mambo yaliharibika siku kilipoletwa kile kisanduku cha vitabu. Wakubwa walikuwa wamekaa kwenye semina, kwenye hoteli yenye viyoyozi, wakagundua kuwa nchi ina upungufu wa wahandisi, na kwamba dawa ni kuwaanza wakiwa bado wananyonya vidole. Ukazaliwa mpango ulioitwa Mhandisi Mdogo. Chekechea ya akina Chiriku ikapata bango, kofia ngumu za plastiki zilizowafunika watoto mpaka puani, na sanduku la vitabu vya picha. Mgeni rasmi alikata utepe, akasema taifa limevuka, akapanda gari akaondoka. Kofia zilikusanywa siku ileile zisiharibike. Vitabu walimwachia mwalimu.

Mwalimu wa chekechea alikuwa dada mchangamfu ambaye hesabu zilimshinda tangu zamani na wala hakuficha. Lakini vitabu alivipenda. Alitunga utaratibu: kila Ijumaa mtoto mmoja analeta mtu wa kwao kusoma kitabu, halafu watoto wanajenga walichokiona kwa vijiti, maboksi na udongo. Zamu ya kwanza ilimwangukia Chiriku, na Chiriku hakufikiri mara mbili.

"Nitamleta babu," alitangaza. "Babu yangu ndiye mwenye madaraja yote."

Bwana Rekebisha alivaa suti aliyoivaa siku ya kuagwa. Alifika kabla ya mlango kufunguliwa. Alikalishwa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kidevuni, akapewa kitabu chenye kuku jaladani. Kuku huyo vifaranga wake walikuwa ng'ambo ya kijito, basi akaomba msaada kwa mbuzi na bata, wakajenga daraja la mbao. Hadithi yenyewe ilikuwa hiyo tu. Mtoto wa mwaka mmoja angeimaliza.

Mzee alisoma kurasa mbili vizuri. Ya tatu ilikuwa na picha ya daraja. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Daraja hili," alisema, "litaanguka."

Watoto wakasogea. Hapo angefunua tu ukurasa wa nne, kuku akavuka, kila mtu akaenda kunywa uji. Lakini kalamu ilikwisha kutoka mfukoni. Alizungushia duara nguzo ya katikati, akaeleza kwamba imesimamishwa kwenye tope. Akapiga mkwaju kwenye boriti, akaeleza kwamba ni nyembamba mno kwa urefu ule. Aliyechora, alisema, alifaa kuchora maua.

"Mzee, kitabu cha shule hicho," mwalimu alinong'ona.

"Ndiyo maana nakirekebisha."

"Kwa hiyo kuku hafiki?" aliuliza mtoto mmoja wa mbele.

"Hafiki."

"Anaishia wapi?"

"Hapa." Akaweka nukta nyekundu katikati ya maji. "Na mbuzi pia, maana yuko nyuma yake."

"Na vifaranga?"

Bwana Rekebisha alikuwa mkweli. Alifikiri kidogo juu ya vifaranga wasio na mama, wakati wa mvua, akatoa maoni yake ya kitaalamu. Aliyeuliza akaanza kulia. Mwenzake akamfuata, na kufumba na kufumbua darasa zima lilikuwa msibani. Mwalimu alianzisha wimbo wa kupiga makofi lakini hakufua dafu. Chiriku peke yake hakulia. Aliinamisha kichwa akawa anafungua na kufunga kishikizo cha sweta lake, na masikio yalikuwa yamemwiva.

Walirudi nyumbani kwa njia ndefu, mtoto mbele, babu nyuma. Mtoto ambaye huwa hanyamazi hata akiwa na chakula mdomoni hakusema neno mpaka getini.

"Babu, usije tena shuleni."

Alisema hivyo tu, akaingia ndani kwa bibi yake.

Ijumaa zilizofuata zilikuwa za wengine, na shujaa wao akawa kinyozi. Kinyozi, baba wa mtoto mwingine, hakujua nguzo wala boriti. Lakini alikuwa na sauti ya kuku. Alitetea mpaka watoto wakagaagaa sakafuni. Chiriku aliileta habari hiyo mezani kila siku: kinyozi amefanya hivi, kinyozi amesema vile. Bwana Rekebisha, ambaye kinyozi huyo ndiye aliyemnyoa miaka yote, akaacha kwenda kunyolewa. Nywele zikamtambaa juu ya masikio. Mkewe alizitazama, akaamua kutosema kitu, jambo ambalo kwake lilikuwa kazi ngumu.

Kisha zamu zikakaribia kurudi mwanzo. Jioni moja, wakila, Chiriku akasema bila kuinua macho kuwa zamu yake ikifika atamleta kinyozi.

"Kinyozi si wa kwetu," babu alisema.

"Ameshakubali kuwa wa kwetu siku hiyo."

Mzee alikiweka kijiko. Hakuna maneno ya mkubwa yeyote, katika miaka yote ya ofisi, yaliyowahi kumkata maini hivyo. Usiku huo mkewe alimkuta ameshika tama, akamkalia kando.

"Unalia?"

"Nafikiri."

"Basi fikiri vizuri. Yule mtoto hakutaki kwa sababu ulimuua kuku. Mfufue."

Ndipo alipoamua kuandika kitabu chake mwenyewe, kitabu cha picha kisicho na kosa hata moja, amwombe Chiriku nafasi ya mwisho. Meza ya kulia chakula ikatekwa. Walikula wakiwa wamepakata sahani. Rasimu ya kwanza ilikuwa na anwani hii: *Misingi ya Awali ya Madaraja ya Boriti kwa Watoto Wasiojua Kusoma, Juzuu la Kwanza.*

"Juzuu la kwanza?" mkewe aliuliza. "Kuna mtu unadhani atafika la pili?"

"Ni taratibu tu."

"Na kuku yuko wapi?"

"Kuku si wa lazima kihandisi."

"Mume wangu, tia kuku."

Akatia kuku. Lakini daraja haliwezi kuchorwa bila kujua mzigo wake, basi akaenda sokoni akamwomba muuza kuku ampimie mtetea mmoja mnene. Akaandika uzito. Akaomba apimiwe tena, mara moja kuku akiwa ametulia, mara nyingine akitikisika. Muuza kuku akauliza kama amfungie. Mzee akasema hapana, alitaka uzito tu, akashukuru, akaondoka, na habari ikafika nyumbani kabla yake. Kuku alichorwa kwa ubavu, kwa mbele na kwa juu. Kutokea juu alifanana na kiazi, lakini vipimo vyake vilikuwa sahihi.

Sauti ndiyo iliyomtesa. Alijifungia bafuni, akafungua bomba lizibe kelele, akajaribu kutetea. Mkewe alisikiliza mlangoni kwa muda, kisha akagonga.

"Mzee, huyo kuku anaumwa?"

"Anavuka daraja."

"Basi mwache avuke kimya."

Kazi ilipokamilika hata mkewe alikubali kuwa daraja lile ni zuri. Lilikua ukurasa kwa ukurasa: mwamba, juu ya mwamba msingi, juu ya msingi nguzo, juu ya nguzo boriti, kila kitu kwa rangi yake. Kuku alisimama ukingoni mwa kijito ukurasa wa kwanza akiwa na huzuni, na ukurasa wa mwisho alikuwa ng'ambo na vifaranga wake, mzima wa afya. Bwana Rekebisha alilipitia mara nyingi, kalamu mkononi, akitafuta kosa. Hakuliona. Akalala kama mtoto.

Asubuhi alimwonyesha Chiriku. Mtoto alifunua kurasa mbili tatu, akafika mwisho kumwangalia kuku, akahakikisha yu hai.

"Unaweza kuja," alisema. "Lakini hakuna kufa. Na hakuna kalamu nyekundu."

"Sawa."

"Apa."

Mzee akaapa. Kalamu akaiweka kwenye soksi, maana kutoka bila kalamu kabisa asingeweza.

Ijumaa ya zamu ya Chiriku darasa lilimpokea mzee kwa wasiwasi. Yule mtoto wa mbele alihamia nyuma mapema. Kinyozi naye alikuwapo mlangoni, eti kamleta mwanawe, akakawia. Mwalimu akamkazia Bwana Rekebisha macho ya kumsihi. Chiriku alikaa karibu kabisa na kiti cha babu, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akiwa amekishika kitabu upande mmoja ili wote waone kuwa kitabu hiki ni cha kwao.

Mzee alisoma. Alipotetea, kinyozi aliziba mdomo kwa mkono, lakini watoto walicheka, na hawakucheka kwa dharau. Msingi ukatua juu ya mwamba. "Kwa nini si kwenye tope?" aliuliza, na darasa likaitika kwa kelele kwamba kwenye tope kuku atakufa. Nguzo zikapanda. Boriti nene ikalazwa. Hata yule wa nyuma alikwisha kurudi mbele kwa kusota. Moyo wa mzee ulijaa mpaka ukambana. Akafunua ukurasa wa mwisho: kuku ng'ambo, vifaranga, jua.

"Akafika salama," alisema. "Mwisho."

Wakapiga makofi. Chiriku hakupiga. Alikuwa amerudisha ukurasa mmoja nyuma, kuku alipokuwa bado upande wa huku, akaiinamia picha, kidole chake kikitoka kwa kuku kikielekea darajani, kikifika ukingoni kikirudi.

"Babu, kuku amepandaje?"

"Wapi?"

"Hapa chini ndipo alipo. Daraja lipo huku juu. Amepandaje?"

Bwana Rekebisha alitazama. Daraja lake lilisimama imara juu ya nguzo zake, sahihi kila upande, na lilianzia hewani. Kati ya kuku na daraja palikuwa na karatasi nyeupe tupu. Akafungua mdomo, na jibu lililokaa tayari miaka yote likatoka lenyewe:

"Hiyo iko kwenye mchoro mwingine. Ni ya idara..."

Hakumaliza. Kinyozi alikuwa ametazama chini. Mwalimu alikohoa.

"Kama lile la bondeni!" mtoto mmoja alipaza sauti, akafurahi kweli kwa kulitambua, kama mtu aliyekutana na jirani yake safarini. "Lile la ngazi!"

"Mama yangu alianguka pale," alisema mwingine.

Chiriku alikuwa amekishika kishikizo cha sweta, na masikio yalikuwa yameanza kumwiva tena.

Hapo ndipo mzee angeweza kufa na tai shingoni. Alikuwa na maelezo, na yalikuwa ya kweli: mgawanyo wa majukumu, kanuni za idara, barua zilizoandikwa. Ofisini yalitosha. Lakini alimtazama mtoto yule anayeficha uso kwa ajili yake, akaona aibu ambayo hakuwahi kuiona mbele ya mkubwa yeyote.

"Nimekosea," alisema.

Mwalimu aliinua kichwa. Hata mkewe, alipohadithiwa baadaye, aliomba aambiwe tena.

"Nimechora daraja zuri nikasahau mwenye kuvuka." Akainama, akaipata kalamu kwenye soksi, akampa Chiriku. "Niliapa sitaitumia. Tumia wewe."

Chiriku aliipokea kwa mikono miwili. Akachora mteremko mwekundu uliopinda kutoka miguuni mwa kuku hadi darajani, akaupa ukingo ili vifaranga wasidondoke. Kisha kila mmoja akataka. Mmoja akachora ngazi za kukanyaga, mwingine kamba, mwingine akamchorea kuku mabawa makubwa na kusema basi, daraja la nini. Kitabu kisicho na kosa kiliiva wekundu jalada mpaka jalada, na Bwana Rekebisha, magoti yakiwa kidevuni, aliuliza kila mchoraji swali moja tu: "Na akishuka upande wa pili?" Wakakumbuka upande wa pili, wakaanza upya. Uji ulipoa.

Walipotoka, Chiriku aliushika mkono wa babu yake. Mdomo ulikwisha kurudi kazini.

"Zamu yangu ikirudi tena utakuja wewe. Lakini sauti ya kuku tutamwachia kinyozi."

"Nakubali."

"Na ukanyoe nywele."

"Nitanyoa."

Penye njia panda, mzee aligeukia njia ya sokoni kama kawaida. Mkono mdogo ukamvuta kule kwingine. Angeweza kukataa. Hakukataa. Wakateremka bondeni mpaka lilipo, kubwa, safi, ngazi ya mbao imeegemezwa begani mwake.

Chiriku aliliangalia sana.

"Hili nalo limesahau mwenye kuvuka."

"Ndiyo."

"Nani alilichora?"

"Alichora mwingine. Mimi ndiye niliyelikagua, nikasema halina kosa."

Mtoto alifikiri. Kalamu nyekundu bado alikuwa nayo. Akamnyooshea.

"Haya, babu."

Mzee aliishika, akaitazama, akalitazama lile zege. Juu, mwanamke mwenye mtoto mgongoni na kapu mkononi alikuwa ameanza kushuka kinyumenyume, akitafuta pa kukanyaga kwa kidole cha mguu, na ngazi ikayumba. Bwana Rekebisha alitia kalamu mfukoni, akaenda mbio, akaishika ngazi kwa mikono yote miwili.

"Shuka, mama. Nimeishika."

Mwanamke alifika chini, akageuka, akamwona ni nani.

"Ahsante, Bwana Rekebisha," alisema.

Alilisema kwa shukrani tu, lakini siku hiyo jina lile lilimchoma mwenye nalo mpaka ndani. Juu kulikuwa na wengine wakingoja kushuka, naye hakuiachia ngazi.